Mlio wa Thadei

Misunkumilo,
Mpanda, Katavi.
3 Desemba 2024.

Mpendwa Mjomba Kassiani,

Shikamoo. Habari za Masasi, na habari za binti yako Shukuru na wanawe? Miguu yako inaendeleaje na joto la huko? Na masikio je, lile la kulia bado linaambulia chochote? Shukuru alituambia siku hizi hata mlango ukibamizwa nyuma yako hugeuki. Mama alicheka huku machozi yanamlengalenga, akasema hata masikio yalipokuwa mazima ulikuwa unamsikia Thadei tu, dada yako humsikii.

Sisi huku tupo, tunamshukuru Mungu. Mvua imeanza vizuri, mahindi ya nyuma ya nyumba yanakaribia magoti. Goti la Mama linauma asubuhi, ikifika mchana analisahau. Mume wangu Evodi alianguka kutoka mtini akitundika mzinga, akavunjika kifundo cha mkono wa kushoto. Amefungwa plasta, na kelele zake ni za kuwashwa kuliko za kuumwa.

Ningepiga simu, lakini utasikia nini? Na meseji ulisema unaziona kama sisimizi wanaohama. Ndiyo maana naandika kwa herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Umwambie Shukuru asinicheke.

Sasa nikuambie kilichonishikisha kalamu. Mjomba, naogopa. Naogopa mpaka ugali hauteremki. Watu wa hapa nyumbani nimeshawachosha, kila nikifungua mdomo wanasema Dorika umeanza tena. Nimebaki na wewe.

Ni habari ya Lusia, mdogo wangu. Tumbo ni kubwa, siku zimekaribia, na yuko kule Ugalla porini kwa mumewe Ambrosi. Tulishasema aje mapema akae hapa kwa Mama, karibu na hospitali. Ambrosi akawa anasema ngoja nimalize asali ya mizinga ya mbali, ngoja nimalize. Juzi akapanda kile kichuguu wanachopatia mtandao, akapiga simu sauti imebadilika. Miguu ya Lusia imevimba, na mganga wa zahanati amesema asisubirie uchungu huko, aletwe mjini.

Unakumbuka ya mwaka juzi. Uchungu ulimshika ghafla, wakampakia kwenye pikipiki, mvua ikawakuta njiani, na yule mtoto wa kwanza akazaliwa kando ya barabara, kimya. Lusia mpaka leo anasema alilala pale kwenye kanga akisubiri kilio, na kilio hakikuja. Hiyo habari hunisimulia bila machozi, na hapo ndipo mwili unanisisimka.

Kwa hiyo bodaboda hataki hata kuiona. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Treni nayo ina siku zake, na kutoka kwa akina Ambrosi hadi stesheni ni safari nyingine ya porini. Tuliyebakiwa naye ni Thadei.

Majirani wapya bado wanashangaa tukisema Thadei hajanywa maji leo, mpaka tuwaeleze kwamba ni pikapu ya mjomba, na Thadei ni jina la mzee aliyekuuzia. Ulituachia gari zuri, sisemi vibaya. Lakini na yeye amezeeka, na sasa anaumwa, na dereva ni mimi. Evodi hawezi kubadili gia kwa mkono wa plasta.

Mlio ulianza mwishoni mwa mwezi uliopita. Nikikanyaga pedeli ya klachi, kule chini kunalia kama mtu anayesaga karanga kavu kwenye jiwe, na juu ya karanga kuna kafilimbi kembamba. Nikiachia, kimya. Mwanzoni nilijisemea ni changarawe. Kila mwoga ana changarawe yake ya kujifariji nayo.

Jana nikasema basi, nimpime kama ulivyonifundisha. Nilimwomba jirani azime redio. Nikapiga stata, gia ikiwa huru, mguu mbali na pedeli. Injini ikanguruma vizuri, hana kosa. Nikagusa pedeli kwa dole gumba, pale inapoanza tu kuwa nzito, karanga zikaanza. Nikakanyaga mpaka chini, zikazidi. Nikaachia, zikakoma. Nikarudia na kurudia mpaka Mama akatoka jikoni kuuliza kama ninamtoa gari mashetani.

Maneno yako ninayo kichwani. Mlio ukija unapokanyaga, ni beringi ya klachi, ile inayosukuma. Mlio ukiondoka unapokanyaga, ni beringi ya giaboksi. Ukibaki vilevile, usiisingizie klachi, katafute kwingine. Nilikuwa naomba ubaki vilevile. Nilikuwa tayari hata kwa giaboksi, maana ulisema giaboksi hulalamika muda mrefu kabla haijafa. Lakini hapana, ulikuja nilipokanyaga.

Nikachukua kile kijiti chako cha mninga, bado kipo nyuma ya kiti. Nikaingia uvunguni, Evodi akawa anakanyaga. Ncha moja nikaiegemeza kwenye giaboksi, nyingine nikaiuma kwa meno, kama ulivyokuwa ukifanya masikio yalipoanza kukuacha. Mjomba, kumbe ndivyo ilivyokuwa! Mlio wote ulipanda kwenye taya ukanijaa kichwani, nikaachia kijiti kwa hofu. Nikakiuma tena, nikakisogeza mbele kidogo, pale klachi ilipo. Ukawa mkali zaidi. Hakuna tena la kujifariji nalo.

Fundi Obadia wa pale gereji ya karibu na soko naye alisikiliza, akasema ni hiyo hiyo. Giaboksi ishushwe, na beringi ya gari la umri ule haipatikani Mpanda, iagizwe na isubiriwe. Nikamuuliza itanifikisha Ugalla na kunirudisha? Alijifuta mikono muda mrefu sana, mpaka nikaona anatafuta neno. Mwisho akasema, "Dada, beringi haiahidi mtu."

Sasa niambie, usiku nitapataje usingizi na neno kama hilo? Naiona ile barabara ya msituni, naona tembo wametuzibia njia, naona mbung'o wanamla Lusia kwenye miguu iliyovimba na mimi niko chini ya gari nauma kijiti. Evodi anasema nina mawazo ya kutosha kijiji kizima.

Nimejiwekea masharti, ni yako yote. Mguu usikae juu ya pedeli kama kuku aliyeatamia. Nikisimama, nitoe gia kabisa niachie klachi. Nibadili gia pale tu pasipo ujanja. Kadiri nitakavyoigusa kidogo, ndivyo itakavyoishi. Na ikifa kabisa, nikumbuke ulivyonifundisha kuingiza gia bila klachi, kwa kusikiliza injini. Wakati ule nilikuwa nacheka, nikisema mjomba unanifundisha sarakasi.

Kesho kukipambazuka tunaondoka, mimi na Evodi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Barua naiacha mezani chini ya bakuli la chumvi, nikirudi nitaimalizia. Mambo yakienda vibaya, Mama ataituma hivihivi ilivyo, nawe utajua kwamba nilikanyaga klachi kwa adabu.


Jumapili, 8 Desemba.

Mjomba, nimerudi mezani. Nakuandikia kwa mpangilio, nisije nikaanzia mwisho, ingawa mwisho ndio unaotaka kutoka kwanza.

Jumatano asubuhi nilipiga stata, nikakanyaga klachi. Kimya. Hakuna karanga, hakuna filimbi. Nikakanyaga tena, kimya kitupu. Evodi amekaa kiti cha pembeni anatabasamu kama mtu aliyeficha zawadi. Mama akapiga kigelegele mlangoni, akasema maombi ya jumuiya yamejibiwa.

Mimi sikupiga kigelegele. Ule mlio nilikuwa nimeshaujua. Nilikuwa nauchukia lakini ulikuwa unaniambia beringi ipo, inazunguka, imechoka kiasi hiki. Sasa nimekanyaga na haniambii kitu. Ulisema gari linalopona lenyewe limekudanganya. Nikamwambia Evodi, akasema, "Wewe likilia unaogopa, likinyamaza unaogopa. Tukufanyie nini?"

Tukaondoka. Barabara tambarare ilikuwa sawa. Tulipofika kile kilima cha kwanza baada ya kuacha lami, nikaingiza gia ya pili nikakandamiza mafuta. Injini ikapiga kelele, na Thadei hapandi. Injini inakimbia, gari linatambaa. Halafu ikaja harufu. Si harufu ya klachi iliyoungua uliyonionyesha, hii ilikuwa harufu ya mishumaa, kama kanisani siku ya kuaga maiti. Mjomba, nywele zilinisimama. Nilidhani ni ishara.

Nikamgeukia Evodi. Uso umempauka. Nikajua hapohapo kwamba ishara yangu imekaa kiti cha kushoto.

Ni yeye. Jioni ile, mimi nikiandika barua hii ndani, alikuwa jikoni kwa Mama anayeyusha nta. Nta ya nyuki, Mjomba! Akaichanganya na mafuta ya kupikia, akaenda kwa Thadei na kibuyu na mkono wake mmoja, akaimimina kwenye lile tundu unamoingia uma unaosukuma beringi ya klachi. Kwa warina asali kila kitu kinapakwa nta. Mzinga mpya hupakwa nta, uzi hupakwa nta, mlango ukilia nta. Akaona na beringi ikilia, nta. Ikanyamaza kweli. Lakini nyingine ikatapakaa mpaka kwenye diski ya klachi, na sasa klachi inateleza kama mguu kwenye tope.

Nilimfokea kelele ambazo hata wewe ungezisikia. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua inayosomwa na Shukuru. Yeye alingoja nimalize pumzi, kisha akasema taratibu kwamba alikuwa ananiona nimekaa kitandani nimeshika magoti, akataka nisiogope. Hapo nikashindwa hata kuendelea kugomba. Nikalia tu, mikono kwenye usukani.

Kurudi kungekuwa kumwacha Lusia. Tukaenda. Kila kilima nilikipanda kwa gia ya kwanza, mafuta kidogo, polepole kama tunabeba mayai, na ikianza kunuka tunasimama ipoe. Kwenye msitu mnene tulikuta mavi ya tembo bado mabichi katikati ya njia. Evodi alitaka kusema neno, nikamwambia funga mdomo. Nilipita pale bila kupumua.

Tulifika kwa Ambrosi jua limeinama. Lusia alitoka akitembea kwa kushika ukuta. Aliponikumbatia, tumbo lake lilikuwa gumu kama jiwe, na mtoto akanipiga teke mbavuni. Nikamwambia huyu ana haraka. Akasema, "Aendelee kupiga, akitulia nachanganyikiwa." Nikajua si mimi peke yangu ninayeogopa kimya.

Dawa ya nta ilijulikana na kila mtu pale ila ilibidi kwanza mimi nikasirike ndipo Evodi akaitamka. Nta hutolewa kwa maji ya moto, si ndivyo wanavyoyeyusha masega? Kesho yake wakatoa lile sufuria kubwa la kuchemshia, wakachochea moto, wakatia sabuni ya unga. Evodi akamimina kwa tundu lilelile alilotendea kosa, mimi nikiwa uvunguni naangalia lile tundu dogo la chini la kutolea maji. Yakatoka maji ya kahawia na vipande vya nta vinaelea. Tukarudia mpaka yakatoka meupe. Ambrosi aliuliza kama na asali ipo humo, hakuna aliyecheka.

Nikamwasha Thadei nikamwacha angurume mpaka ndani kukauke. Kisha nikakanyaga klachi. Karanga! Na filimbi juu yake, kali kuliko mwanzo, maana hata grisi kidogo iliyokuwa imebaki tuliiosha. Mjomba, nilifurahi mpaka nikapiga makofi ndani ya gari. Nikaingiza gia nikajaribu kale kamlima ka nyuma ya zizi, akapanda bila kuteleza. Nikarudi kuogopa kama kawaida, lakini sasa najua ninachoogopa.

Ijumaa asubuhi tukaanza kurudi. Lusia katikati, Evodi mlangoni, Ambrosi nyuma na mizigo. Nilimwambia Lusia aimbe au aongee, chochote. Akawa anaongea habari za kuku wake, za mama mkwe, za kitenge alichoahidiwa. Mimi nasikiliza vitu viwili, Lusia na karanga. Kila nikibadili gia nasema moyoni, bado mara moja tu, bado mara moja tu.

Tulipomaliza msitu mnene niliona Lusia hamalizi sentensi. Anaanza habari, anakatika, anashika dashibodi, halafu anaendelea na habari nyingine. Nikamuuliza kama ni uchungu. Akasema ni mgongo tu, barabara mbaya. Evodi alinitazama kwa juu ya kichwa chake. Mjomba, nimeogopa mara nyingi maishani lakini ile ilikuwa ya aina yake.

Na Thadei naye akaanza kubadilika. Filimbi ikakatika, karanga zikawa mawe, nikawa nayasikia kwa unyayo kupitia pedeli. Nilipokanyaga kuingiza gia ya tatu kukalia kitu kama chungu kinachovunjwa, na pedeli ikaenda mpaka chini, nyepesi kama kandambili. Gia ilikuwa imeshaingia. Nikakanyaga tena, hakuna kitu. Beringi imekwisha.

Nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba klachi imekufa. Sijui ile sauti niliitoa wapi. Betri yetu unaijua, ni ile ya kuegesha mlimani, haina nguvu ya kulivuta gari likiwa kwenye gia. Maana yake ni moja tu, nikisimama nimesimama. Na Lusia wakati huo ameacha habari za kuku, anahema, anasema, "Dada usisimame. Safari hii usisimame."

Sikusimama. Niliendesha kwa masikio tu, kama ulivyonifundisha. Kilima kikija naachia mafuta, natoa gia, naipa injini pumzi, nasikiliza, nasukuma gia ya pili. Mara ya kwanza ilikwaruza nikadhani nimeng'oa meno yake yote. Mara ya pili ikaingia yenyewe kama mkono mfukoni. Ulisema gia ina mlango na injini ndiyo inayobisha hodi. Nilikuona, Mjomba, nilikuona umekaa pale.

Karibu na mashamba ya kuingilia mjini tukakuta ng'ombe. Kundi zima la Wasukuma limejaa barabara, ubavu kwa ubavu, na mchungaji mbele kabisa na fimbo mabegani. Nikamsukuma Thadei kwenye gia ya kwanza, akawa anatembea mwendo wa mtu, anatikisika, anataka kuzimika. Honi yetu haifanyi kazi siku nyingi. Ambrosi akasimama kule nyuma akapiga bati la bodi kwa ngumi zote mbili, anapaza sauti kwa Kisukuma kibovu kwamba tuna mzazi. Yule mchungaji aligeuka, hakuuliza swali hata moja. Alirudi mbio katikati ya ng'ombe wake akawacharaza kushoto na kulia mpaka njia ikafunguka upana wa gari. Pembe moja iligonga kioo changu cha pembeni. Sikumshukuru, sikuweza hata kupunga mkono. Mungu amlipe.

Getini hospitali Ambrosi aliruka gari likitembea, akakimbia mbele kumwambia mlinzi afungue. Lango likafunguka, nikaingia, nikafika mlangoni kwa wodi ya wazazi, nikakanyaga breki. Thadei akaruka mara moja, akazimika. Hajawaka tena mpaka leo.

Walimchukua Lusia kwa kiti cha magurudumu. Mlango ukafungwa. Sisi tukabaki koridoni. Ambrosi amechuchumaa, Evodi ameshika plasta yake, na mimi nikajikuta nina kijiti chako cha mninga mkononi. Sikumbuki kukichukua garini.

Tulimsikia Lusia. Tulisikia manesi wakimwambia sukuma, wakimsifia. Halafu akapiga ukelele mmoja mrefu, na baada ya huo, kimya.

Mjomba, sijui kuandika kile kimya. Ambrosi alijifunika kichwa kwa shati. Mimi niliwaza lile eneo la barabarani la mwaka juzi, kanga, mvua, Lusia akisubiri. Nilisikiliza mpaka masikio yakaanza kulia yenyewe, nikawa sijui nasikia nini na nawaza nini. Nikafanya jambo ambalo Evodi ananitania nalo mpaka sasa. Niliegemeza ncha ya kijiti kwenye ule mlango, nyingine nikaiuma kwa meno.

Zikaja hatua za miguu. Yakaja maji, na beseni likiwekwa chini. Kikaja kitu kama mtu anayesugua nguo, anasugua, anasugua. Nikawa nauma mpaka fizi ikatoka damu. Halafu meno yakatetemeka. Kilio, Mjomba! Kilinifika kwenye meno kabla hakijafika masikioni, chembamba, kimekasirika, hakikatiki. Nesi alipofungua mlango alinikuta nimepiga magoti na mti mdomoni, akasema, "Mama, una mtoto wa kike huku, acha kula mlango."

Lusia yuko salama ila amechoka sana, na miguu bado. Wanamwangalia yeye na mtoto, wanasema kesho au keshokutwa watatoka. Mimi hofu haijanitoka. Nikilala nastuka, nauliza kama analia. Mama anasema hiyo sasa ndiyo kazi ya mtoto mchanga, na mimi nitaizoea.

Evodi alipendekeza aitwe Thadea. Lusia akasema mtoto wake hapewi jina la gari bovu. Jina wamekuachia wewe, na Ambrosi anasema usikawie maana nyumba nzima tunamwita Karanga.

Thadei tulimsukuma mpaka kwa Fundi Obadia. Ameshusha giaboksi, akanionyesha beringi, au vipande vyake, akatikisa kichwa. Ndani alikuta bado kuna nta kidogo. Evodi aliangalia pembeni kama ambaye hajawahi kuona nyuki. Beringi nyingine imeshaagizwa.

Nisalimie sana Shukuru na watoto, na jirani yako yule anayekuletea maji. Mama anakusalimu, anasema yule samaki mkavu uliyemtumia hajasahaulika. Evodi anakusalimu kwa mkono wa kulia, Ambrosi naye, na Lusia anakuamkia kutoka kitandani. Mungu akulinde, akupe miguu ya safari, na mvua ya Masasi iwe ya heri.

Nami nilikuwa nataka kukueleza kilio cha huyu mtoto kama ninavyokueleza milio ya gari, uniambie ni kitu gani. Kinakuja ukimweka chini. Ukimnyanyua, kinaondoka. Nimempima mara nyingi pale wodini, ni hivyohivyo, na hata mimi naweza kusema hana ubovu. Lakini usiamini maneno yangu, njoo umpime mwenyewe. Atalala kwenye kile kitanda cha mninga alichowazalia Bibi, wewe na Mama. Utaegemeza kijiti kwenye ubao wa kichwani, utauma ncha nyingine, na sisi tutamweka chini. Utamsikia, Mjomba.

Mpwa wako anayekupenda na kukungoja,
Dorika.